Pembe ya Kidirisha

Nilipoinua kamera yenye lenzi kubwa, mama alitoweka.

Alikuwa amekaa palepale kwenye stuli ya fundi wa kamera, viatu amevua, anajipepea kwa kipande cha boksi. Lakini kwenye kamera yangu ya zamani huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kidogo cha pembeni, na lile dude lilikuwa nene, limeziba pembe yote ya chini.

"Hiyo inavuta mwanga," fundi alisema. "Hata chumba kiwe na giza, picha inatoka. Hii lenzi ndogo haizibi kitu, ila mwanga ukiwa hafifu utaambulia ukungu."

Nikafunga ile ndogo. Mama akarudi, mzima mzima, mpaka vidole vya miguu.

Nikabaki na lenzi zote mbili mikononi, moja huku, moja kule. Nilitaka picha yake akiwa chumbani, anakoshinda kutwa. Tangu tumzike baba, pazia la chumba kile halijafunguliwa, na ole wako uliguse.

"Shida ni chumba chenyewe," nilimnong'oneza fundi. "Giza tupu."

"Mimi macho ndiyo yamezeeka," mama alisema. "Masikio bado."

Akavaa kiatu kimoja, akaanza kupapasa cha pili kwa mguu chini ya stuli. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Chukua hiyo ndogo," alisema, bado anapapasa. "Pazia nitafungua."