Taa ya Kijani Ukutani

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na haki ya kuokolewa mara moja tu, iwe ni kutokana na moto, maradhi au bahari. Ukiomba uokoaji, unabonyeza taa ya kijani ukutani. Inazimika, na haiwaki tena.

Mize alikuwa ng'ambo ya miamba, juu ya ubao wake wa tanga, kiungo cha mlingoti kilipokatika, tanga likalala majini. Akampigia simu mkwewe, Bi Shemsa, ambaye moyo ulikuwa umeshamwangusha mara mbili.

"Mama, ubao umeniharibikia. Lakini tafadhali usibonyeze taa. Nitarudi kwa mikono yangu."

"Umbali wote huo, mwanangu?"

"Taa ile ni yako, Mama."

Akakunja tanga akalifunga juu ya ubao, kama alivyofundishwa, akalala kifudifudi na kuanza kupiga maji kwa viganja. Adhuhuri alisikia ndege ikizunguka kwa mbali. Akamwombea dua huyo aliyekuwa akitafutwa.

Alifika nyumbani alasiri, viganja vimechubuka. Bi Shemsa akamkumbatia mlangoni, akalia.

"Wamerudi mikono mitupu. Wanasema hawakuona tanga lolote."

Mize akainua macho ukutani. Taa ilikuwa imezimika.

Bi Shemsa akaenda jikoni kupasha mchuzi, na Mize akakaa sebuleni akisikiliza mwiko ukigonga sufuria. Kila uliponyamaza, aliinuka kitini.