Poti ya Kombo

Siku hizi mtu ambaye bangili yake ya afya inawaka nyekundu haruhusiwi kukaa na mtoto anayevaa pampasi. Yangu huwaka kila baridi yabisi inaponishika magoti. Kwa hiyo mjukuu wangu Kombo, mkaidi kuliko marehemu babu yake, alitakiwa akalie poti mbele ya jicho la serikali la ukutani, la sivyo maofisa wamchukue leo.

"Bwana'angu, kaa basi."

"Sitaki! Linanitazama."

Kumbe shida ndiyo hiyo tu! Nikavua mtandio, nikalifunika jicho. Kombo akashusha kaptura mwenyewe, akakaa, akanuna. Mara nikasikia mkojo unachuruzika. Nikapiga kigelegele mpaka mbavu zikauma.

Nilipolifunua, jicho likachungulia ndani ya poti.

"Mtoto abaki," likasema.

Nikamkumbatia bwana'angu, machozi yananitoka.

Kisha likamgeukia yeye, kwa sauti tamu. "Na bibi je, chooni huenda mwenyewe?"

"Anaenda!" Kombo akajibu upesi.

Nikashusha pumzi. Asubuhi ile ile alikuwa amenivuta mkono kwa nguvu zake zote, nami nikashindwa kuinuka chooni mpaka jirani alipokuja.