Ndiyo ya Kaskazini

"Simamisha!" mwongozaji alifoka. "Bibiye, mwenzio amekuuliza kama utaolewa naye, nawe unahema tu kama samaki?"

"Nimemjibu," Signhild alisema.

"Umemjibu nini? Siku hizi filamu zinasema, mama! Watu wa Stockholm wanalipa ili wasikie."

"Nimemjibu ndiyo. Kwetu kaskazini, ndiyo ya moyoni huvutwa ndani pamoja na pumzi. Ile ya kutoka nje tunawapa wachuuzi."

Mafundi wakacheka. Mwongozaji hakucheka. "Basi itoe nje kama sisi, au nimtafute msichana mwingine akusemee, wewe ubaki kuchezesha midomo."

Taa zilikuwa zinaunguza; poda ilimchuruzika shingoni. Signhild alilitazama jagi la maua lililokuwa mezani, ambamo maikrofoni ilikuwa imefichwa. Akalivuta karibu.

"Tuanze tena," akasema.

Kamera ikawashwa. Mwigizaji mwenzake, mzaliwa wa Stockholm, akauliza kwa sauti yake ya jukwaani: "Utaolewa nami?"

Signhild akayainamia maua hata petali zikamgusa mdomo, akavuta pumzi moja fupi, kali, kama mtu aliyetumbukia kwenye maji ya baridi.

Nyuma ya kioo, fundi wa sauti akavikandamiza visikizio masikioni kwa mikono miwili. Mwigizaji wa Stockholm akasahau maneno yaliyofuata. Petali moja ilikuwa imenasa kwenye mdomo wa Signhild. Mwenzake akaiondoa kwa kidole, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

Mwongozaji aliinua mkono ili asimamishe. Ukabaki pale pale hewani.