Picha ya Panya wa Bi Tembo

Bi Tembo alimpeleka panya wake wa kufuga kwa Nungunungu, mchoraji wa rangi za mafuta. Panya akaketi kigodani, akatulia tuli siku nne nzima.

"Masikio madogo mno hayo," alilalamika Bi Tembo. Rangi ilikuwa bado mbichi, Nungunungu akaikwangua huku akisonya, akachora upya.

"Na pua mbona fupi? Mtoto wangu ana pua ya maana!"

Nungunungu akairefusha pua. Kesho yake akaongezeshwa tumbo, kisha meno. Miba ikamsimama kwa hasira.

"Haya, mama, kimebaki nini tena?"

Bi Tembo akatokwa na machozi ya furaha. "Hapo sasa! Ndiye mwenyewe."

Panya akashuka kigodani, akaitazama picha.

"Mama, umetoka vizuri," akasema. "Mimi nachorwa lini?"