Umbo la Kiti cha Mbele

Siku hizo kila kiti cha gari kilikuwa uvumbuzi wenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi wake, na sheria iliamuru kishike umbo la abiria wake wa kwanza, wala fundi yeyote asithubutu kukirekebisha tena.

Kwa hiyo Zaituni alipoketi kando ya mumewe kwenye gari lao jipya, alijua papo hapo. Kiti kilimbana nyonga kama gauni la kuazima.

"Shaweji, ni nani huyu mwembamba uliyempakia kabla yangu?"

Mumewe akacheka. "Wivu utakuua, mama Rehema! Kiti hiki nimekitoa kwenye lile gari letu la harusi, nikakifunga humu. Huyo ni wewe, miaka ishirini iliyopita."

Mke mwenza wa kawaida, Zaituni angemweza. Wangegombana, wangezeeka wote. Huyu hatazaa, hatanenepa, hatazeeka.

Akashuka, akaenda kukaa nyuma. Shaweji hakumzuia. Alifunga mkanda, na kabla ya kuwasha gari akakipapasa kile kiti kitupu polepole, kama alivyokuwa akimpapasa yeye goti walipokuwa maharusi.