Mbusa, Mtu wa Kinga

Kila magharibi, kabla ya kula, Mbusa alizunguka nyuma ya nyumba, akaupapasa ukuta wa ghala na kuuambia polepole, "Vumilia." Kisha akanawa mikono, akaingia mezani kama mtu aliyetoka kusali.

Nyuma ya ukuta ule ndiko alikoificha kamionete yake, Toyota nyeupe. Ilikuwa miaka ya vita, na mwenye gari mjini Butembo hakuwa na usingizi. Basoda, yaani askari, waliyachukua magari sokoni, kwenye kituo cha mafuta, hata mbele ya kanisa misa ikiendelea. Walipokea ufunguo, wakasema asante, gari likaenda vitani na halikurudi. Jirani mmoja alilificha lake chini ya majani ya migomba. Walimpiga mbele ya watoto wake, na tangu hapo hakutembea sawasawa tena.

Basi siku moja ya mvua kubwa, watu wote wakiwa ndani na binti yao Ornella amelala, Mbusa na mkewe Berthe waliisukuma kamionete ghalani, wakauziba mlango kwa matofali ya udongo.

Baada ya hapo Mbusa alikwenda Oicha kutafuta kakao. Mapigano yakafunga njia, akakwama huko majuma mengi. Aliporudi, Pasaka imekaribia, hata mzigo hakutua. Alikwenda moja kwa moja kuutazama ukuta. Berthe alikuwa ameupaka chokaa, mweupe, laini, usingejua kwamba hapo palikuwa na mlango. Mbusa alimshukuru Mungu kwa kumpa mwanamke anayejua kutunza siri.

"Na sasa utapanda kinga," Berthe akamwambia, akimwonyesha baiskeli nyeusi iliyoegemea jikoni. "Ukienda kwa miguu, batu batajiuliza motokari ya Papa Ornella iko wapi. Bakikuona juu ya kinga, batasahau."

Mbusa aliichukia baiskeli ile. Vilima vya Butembo vilimtoa jasho mpaka kwenye soksi. Lakini kwa kuwa uongo nusu ni hatari, aliamua kudanganya kabisa: akawa mhubiri. Sokoni aliwashika watu mkono, akawaeleza kwamba motokari ni ugonjwa, inakula mafuta, inakula amani, inaita basoda. "Kinga hapana kuomba essence! Kinga inapita mule mbuzi inapita!" Penye bariere za barabarani basoda walimcheka, wakamfungulia kamba bila kumwuliza kitu.

Ajabu ni kwamba watu walimsikiliza. Mwalimu akanunua baiskeli, katekista akanunua yake. Hata wanaume wanaosukuma baiskeli za mizigo, wale wanaoteremsha viazi Beni na kupandisha mafuta ya mawese, wakipita mbele ya nyumba yake walipunguza mwendo, wakavua kofia. "Mama patron, tumeamka!" walimsalimu Berthe kama bosi. Mbusa aliitikia kwa niaba yake, kifua mbele. Heshima ya mume, alijiambia, inamfunika na mke.

Kilichomharibia ni kasiksi. Jumapili moja, kilabuni kwa Mama Débora, pombe ile ya ndizi ilikuwa imekolea, na mlevi mmoja akamwita maskini wa pedali. Mbusa alisimama. "Miye? Ngojeni amani irudi! Ngojeni mutaona kitu itatoka mu ukuta yangu!"

Watu wakacheka. Mmoja hakucheka.

Kesho yake asubuhi komanda alikuja na basoda wake na nyundo.

"Papa, banasema uko na motokari."

"Hapana, mon commandant! Miye niko mutu wa kinga. Uliza muji muzima."

"Tumeuliza. Ukuta iko wapi?"

Mbusa alijiegemeza kwenye baiskeli yake, akakalia kiti chake. Alimtafuta Berthe kwa macho; Berthe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, uso mkavu. Nyundo ya kwanza ilipogonga, Mbusa alianza Salamu Maria. Ya pili ilipogonga, aliisahau katikati, akaanza tena. Akilini alimwona jirani yake anavyochechemea. Chokaa ikapasuka, tofali likaanguka, halafu mengine kwa mkupuo, vumbi likajaa uwanja.

Komanda akaingiza kichwa. Akatazama huku na huku. Akakitoa.

"Papa," akasema, "munafungia nini humu? Upepo?"

Mbusa alinyoosha shingo, akachungulia. Ghala lilikuwa tupu mpaka kwenye pembe.

"Ni mama yake," Berthe akasema kutoka mlangoni. "Alikufia mule ndani, na ugonjwa yake haikujulikana. Donc tulifunga."

Mama yake Mbusa alikuwa mzima kabisa, huko Masereka, akipalilia viazi. Lakini basoda walikuwa wameshatoka uwanjani, mmoja akijifuta mikono kwenye suruali, na komanda alipita bila hata kugeuka.

Vumbi likatua. Mbusa alikuwa bado juu ya baiskeli. Aliokoka, na alikuwa ameibiwa, na hakujua aanze kulia lipi.

"Berthe," akanong'ona, "motokari yangu iko wapi?"

Berthe alikuwa ameshainama, anaokota matofali mazima na kuyapanga pembeni.

"Niliiuza ukiwa Oicha, nikanunua kinga. Moja unaikalia, Papa Ornella," akasema. "Zile zingine ziko Beni. Zitarudi kesho na mafuta."