Lucy Mboje Hana Picha

Nyanjige alikuwa anakisoma kitabu kwa mara ya tatu, na mara zote tatu alikuwa amekichukia. Alikigeuza tena kutafuta picha ya mwandishi. Haikuwapo. Palikuwa na jina tu, Lucy Mboje, na maneno machache kwamba anaishi Mwanza.

"Sura mbaya ndiyo inafichwa," alijiambia, moyo ukatulia. Kisha akawaza kwamba hata mwanamke mzuri, akiwa na mume wa mtu, angeificha sura yake. Utulivu ukaishia hapo.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika Bariadi na mizani zao. Malori yao yalishusha mambo mengi kutoka Mwanza: mitumba, kanda za video, na kitabu hiki, *Wakili wa Mjane*. Kilimhusu wakili Domitila, mwanamke mwenye mwanya na anayetumia mkono wa kushoto, anayemtetea mjane aliyeshtakiwa kumuua mumewe. Mji mzima ulikuwa unakisoma. Asiyejua kusoma alisomewa.

Nyanjige naye alikuwa na mwanya. Naye alitumia mkono wa kushoto. Lakini kilichomkata maini ni pale Domitila anapomgeukia shahidi: "Kama unadanganya, danganya vizuri. Usitudharau." Siku hizi hata wauza dagaa sokoni walirushiana maneno hayo wakicheka. Na maneno hayo aliyasema yeye, Nyanjige, mwaka wa kwanza wa ndoa, chumbani, mlango umefungwa. Aliyeyasikia ni mtu mmoja tu: mumewe Athanasi, hakimu wa hapo Bariadi, ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa na semina Mwanza.

Sasa semina aliielewa. Wanalala huko, wananicheka, aliwaza, na wivu ukampanda.

Alianza kumchunguza mumewe kila wageni walipokitaja kitabu.

Alikuja Klementina, muuguzi, jirani yao. "Mama Shida," alimwambia Nyanjige, "nimeunguza mboga kwa ajili ya kile kitabu! Jamani, huyo dada amejaliwa."

Athanasi, ambaye tangu aketi alikuwa anadonoadonoa chakula, akaongeza ugali. Akamuuliza Klementina amependa wapi hasa. Akamsindikiza mpaka barabarani, yeye ambaye hata askofu humuaga mlangoni, akarudi anapiga mluzi.

Jumapili alikuja katekista Novatus. Huyu hakukipenda.

"Hovyo kabisa," alisema. "Mwanamke gani anamfokea shahidi vile? Na muuaji nilimjua mapema."

Athanasi akaweka kikombe chini. "Mapema wapi?"

"Hata nusu sijafika."

Athanasi alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala, jua bado liko juu. Novatus alimaliza chai yake bila wasiwasi. "Jambo moja nampa huyo mama. Korti anaijua, mpaka benchi linalolia. Angekuwa mtumishi wa serikali, wangemfukuza kazi kesho yake."

Nyanjige hakuhitaji ushahidi mwingine. Siri za korti na siri za chumbani, zote zilikuwa zinapanda basi kwenda Mwanza. Na mume gani anaumwa kichwa kwa sababu mwanamke wa nje kasemwa vibaya? Yeye Nyanjige alisemwa na mama mkwe miaka nenda rudi, na Athanasi hakuwahi hata kukohoa.

Akatuma ujumbe kijijini kwao Mwamapalala, kwa kaka yake Mwandu: aje amchukue.

Mwandu alifika jioni kwa baiskeli. "Mwadila, shemeji," alisalimia kwa Kisukuma. "Mwadila," Athanasi akajibu, naye akaketi akingoja hukumu, hakimu mzima.

Mwandu alikuwa amekuja kwa shingo upande. Ng'ombe wa mahari ya dada yake ndio aliowatumia yeye kuoa, na kuwarudisha hakutaka hata ndotoni. Isitoshe, alikuwa amesomewa kitabu.

"Kitabu chenyewe ni kizuri," alianza.

"Kaka!"

"Nasema tu. Yule Domitila anaongea mpaka nasikia ni wewe."

Nyanjige alikuwa amekalia sanduku lake la bati katikati ya sebule, kanga imefungwa kiunoni. Maneno ya kaka yake yalimchoma upya. Hata mtu wa Mwamapalala alikuwa ameona alivyoibiwa.

"Shemeji, hili ni jambo dogo," Mwandu aliendelea. "Sema hapa umemwacha huyo Lucy. Dada afungue sanduku, tule."

"Siwezi kumwacha," Athanasi alisema.

Nyanjige alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa hicho. Alikuwa na hakika atakana. Alitamani akane. Machozi yakamtoka bila hata kukunja uso.

"Kweli nimekosea kukuficha," Athanasi alimwambia. "Lakini nakuomba usimtaje kwa watu. Nitafukuzwa kazi."

"Kazi!" Nyanjige alipiga kelele. "Mimi naondoka, wewe unawaza kazi! Kaka, muulize. Muulize kama huyo Lucy hana mume wa kwake!"

Mwandu akajikohoza. "Ndiyo, shemeji. Ana mume? Maana kama yupo, tumwone, tuyamalize kiume."

Athanasi aliinuka. Alichungulia nje, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Hana mume, shemeji. Ana mke, na mke mwenyewe ndiye huyo aliyekalia sanduku."